Uliza Kwanza Nani Analipia Makaa

Nimestaafu kazi, sijastaafu hasira. Nawaambia mapema, ninyi vijana mnaosomea uchumi na fedha za serikali, msije mkasema shosho wa mtaa huu wa Tena aliwakaribisha kwa maneno matamu kisha akawageuka. Mkipita hapa kwenye ploti mnaona mama mzee anaanika nguo au anagombana na mtu wa maji, basi, mnapita. Hamjui kwamba mikono hii imepekua vitabu vya bajeti vya nchi nyingi kuliko nilizowahi kuzitembelea. Wala hamjui kwamba kosa moja nililolifanya kwa mikono hiihii bado liko hai, na mwaka huu lilikuja kunitafuta mpaka mtaani kwangu.

Kazi yangu ilikuwa kulinganisha. Serikali hii inakusanya kodi vipi, na ile je? Hapa shule inajengwa na nani, na kule? Pesa zikitoka hazina kuu zinapita milango mingapi kabla hazijamfikia mwalimu? Niliingia ofisi moja hapa mjini kama karani wa kupiga chapa, nikatoka mtafiti. Mama yangu kule Machakos aliponiuliza nafanya nini hasa Nairobi, nilimweleza karibu nusu saa. Alinisikiliza, akatia mboga chumvi, akaniuliza, "Kwa hivyo wanakulipa uchungulie sufuria za watu?" Nilinuna siku nzima. Leo naona hakuna mtu aliyewahi kuieleza kazi yangu vizuri kumshinda.

Aliyenifundisha kuchungulia alikuwa Bwana Okumu. Alikuwa amefanya kazi ya uhasibu kwenye reli kabla ya kuja kwetu, na alivaa koti moja la kijivu mwaka mzima, jua liwake mvua inyeshe. Mara ya kwanza kumpelekea jedwali nilikuwa nimepanga nchi tatu bega kwa bega, safu zimenyooka, nimesimama pale mezani kwake nikingoja sifa. Hakulisoma hata. Alilikunja mara nne, akalitia mfukoni, akasema, "Chukua mkoba wako, nyar Ukambani. Tunaenda Burma." Alipenda kuniita hivyo, binti wa Ukambani, hasa akiwa ananiandalia aibu.

Kule sokoni Burma, kwenye bucha na vibanda vya nyama choma, aliniamuru niulize bei ya kilo mahali pawili. Wa kwanza akataja bei ya chini. Wa pili akataja ya juu, na kwa dharau. "Wapi rahisi?" Okumu akauliza. Nikasema kwa huyu wa kwanza, si ni wazi? Basi akaagiza nusu kilo kwa wa kwanza, tukala. Ilipofika kulipa, kijana wa pale akaanza: nyama hii, kuchoma kando, makaa kando, ugali kando, kachumbari kando. Tukahamia kwa wa pili, Okumu akaagiza nusu kilo nyingine ingawa nilikuwa nimeshiba. Pale kila kitu kilikuja pamoja kwenye ubao mmoja, na bei ikawa ileile tuliyoambiwa mlangoni. Nilijumlisha kichwani: ghali alikuwa yule wa kwanza. Okumu akafuta mikono, akatoa jedwali langu mfukoni, likashika mafuta.

"Hii ndio umeniletea," akasema. "Bei ya kilo. Hujaniambia nani analipia makaa."

Nawaomba mlishike hilo kuliko kitu kingine chochote nitakachowaambia. Tarakimu mbili zikikaa pamoja kwenye karatasi zinafanana kama watoto waliovaa sare moja ya shule. Huwezi kujua nyumbani kwao kukoje mpaka uende. Nchi moja inaandika gharama ya shule pamoja na mshahara wa mwalimu. Nchi nyingine mshahara huo uko kwenye kitabu kingine, katika wizara nyingine, na wewe mtafiti wa kiti cha kuzunguka unatangaza kwamba wale wa pili ni hodari wa kubana matumizi. Hodari gani? Makaa yamelipiwa na mtu mwingine!

Alikuwa na tabia nyingine ambayo hamtaikuta kwenye kitabu chochote. Katika kila bajeti kuna mstari mmoja unaoitwa Nyinginezo, na dunia nzima huuweka chini kabisa, macho yakiwa yamechoka. Okumu alitulazimisha tuuweke juu, mstari wa kwanza. Alisema mtu akitaka kuficha kitu hakifichi mlangoni. Wenzangu walilalamika kwamba majedwali yetu yanaonekana kama yamepinduliwa. Mimi nilizoea, na mpaka nastaafu sikuwahi kutengeneza jedwali ambalo Nyinginezo haiko juu. Kumbukeni hilo pia, maana litarudi.

Makosa madogo nilifanya mengi, na mengine yalikuwa ya kuchekesha. Sisi mwaka wetu wa fedha unaanza Julai. Zambia wanaanza Januari, Botswana wanaanza Aprili. Mimi, bado mbichi, nikachukua "mwaka huu" wa kila nchi bila kuuliza ni mwaka wa nani. Nchi moja ikaonekana imeacha kabisa kujenga barabara. Sikushuku kitu. Niliandika ukurasa mzima nikieleza sababu: siasa zao, mabonde yao, hata nikagusia mvua. Kumbe mwaka wao ndio kwanza ulikuwa umeanza na hakuna aliyekuwa amelipwa. Okumu alikingoja kipindi cha chai, ofisi nzima imekaa, akausoma ukurasa ule kwa sauti ya mhubiri. Alipofika kwenye mvua, mama wa chai aliweka birika chini ili acheke vizuri.

Au chukueni zile nchi zilizotawaliwa na Mfaransa. Kule, kwa desturi yao, anayeamuru pesa zilipwe si yule anayezitoa. Ni watu wawili, kila mmoja na kitabu chake. Ukisoma kitabu cha mmoja ukafunga mkoba, umesoma nusu, na nusu hiyo inakutosha kudanganya mkutano mzima. Kwa hiyo kitabu kikinipa jibu upesi nilikuwa natafuta mtu. Nilikuwa na watu wangu wa simu katika miji kadhaa, wengine sijawahi kuwaona uso, na swali langu lilikuwa moja: muuguzi wa zahanati ndogo huko kwenu, mwisho wa mwezi, mshahara wake unatoka ofisi gani? Ukishajibiwa hilo umejua nusu ya serikali ya nchi hiyo. Ninyi leo mnaiuliza simu na inawajibu kabla hamjamaliza kuuliza, na mnaamini. Inaniudhi sana. Si kwamba imewajibu, bali kwamba hamuulizi tena mtu yeyote baada yake.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Okumu alikuwa ameshastaafu na kurudi Siaya. Mkurugenzi wetu alitaka ripoti ya haraka ya kulinganisha gharama ya zahanati ndogo zenye chumba cha kujifungulia, hapa Nairobi na katika miji miwili ya nchi za majirani wetu wawili, kila nchi mji mmoja. Siwataji, kosa halikuwa lao. Nilitengeneza jedwali, Nyinginezo juu kama kawaida. Zahanati zetu zilionekana ghali kuliko za wote. Nikapiga simu zangu, nikauliza swali langu la muuguzi, na jibu likaja: kwa majirani wote wawili, wauguzi walilipwa na serikali kuu, kwa hiyo mishahara yao haikuwa kwenye vitabu vya miji. Sisi wauguzi wetu walilipwa na jiji, wamo ndani. Makaa yetu yalikuwa kwenye bei, yao yalikuwa kando. Kwa hiyo nikaandika tanbihi chini ya jedwali, sentensi moja: Mishahara ya wauguzi wa miji hii miwili hulipwa na serikali kuu, haimo humu.

Mkurugenzi akaniita. Akasema jedwali ni zuri, lakini hiyo sentensi ya chini inalichafua, wakubwa hawapendi kusoma vitu vidogovidogo. Niiondoe. Nikaiondoa. Sikulazimishwa kwa bunduki, wanangu. Nilirudi kwenye meza yangu, nikaifuta kwa kidole changu mwenyewe, nikapeleka karatasi ikiwa safi.

Ripoti ikachapishwa na jina langu halikuwemo. Lilikuwemo la mkurugenzi na la ofisi, langu hata kwenye shukrani halikupewa nafasi. Hapo ndipo nilipowaka. Nililia chooni, niligombana na mkurugenzi, nilimwandikia Okumu barua ya kurasa tatu. Kwa miaka mingi mtu akinikuta nimekasirika, nilikuwa nakasirikia jina langu. Okumu alinijibu kwa mistari miwili tu. Aliuliza, "Na ile tanbihi nayo umeililia?" Nikaona ni mzee mkaidi asiye na huruma, sikumjibu. Alifariki kabla sijamjibu, na mpaka leo ninaumia.

Mwaka huu, jirani yangu Nafula alinigongea mlango. Nafula anauza nguo za watoto kwenye duka moja kule Eastleigh, na alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikuwa na karatasi mkononi, tangazo la kikao cha wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti.

"Shosho, si wewe ulikuwa unafanya hizi vitu za bajeti? Wanasema maternity ya hapa kwetu inakula doh mob, pesa mingi sana. Wanataka kuifunga."

Zahanati yetu, yenye hicho chumba cha kujifungulia, iko umbali wa dakika kumi kwa miguu. Nilimzaa kitindamimba wangu palepale. Nikamuuliza wanataka akina mama waende wapi. Akasema hospitali kubwa, ng'ambo ya mji.

"Na vile jam ya magari hukuwa? Si nitazalia kwa stage ya matatu," akasema. Alikuwa anacheka lakini mkono wake ulikuwa juu ya tumbo.

Siku ya kikao tukaenda. Ukumbi ulijaa, viti vya plastiki, watu wameacha kazi zao. Mbele alisimama afisa kijana, suti nzuri, projekta yake inawaka ukutani. Alizungumza vizuri, sitamnyima hilo. Alisema utafiti umelinganisha zahanati zetu na za majirani, na umeonyesha sisi tunapoteza pesa kwenye vyumba vya kujifungulia. Kisha akabonyeza, jedwali likatokea ukutani.

Nyinginezo ilikuwa juu.

Nililitambua kabla sijasoma tarakimu hata moja. Hakuna mtu mwingine duniani anayeweka Nyinginezo juu isipokuwa wanafunzi wa Okumu, na wa mwisho aliyebaki ni mimi. Walikuwa wamelipaka rangi, wameongeza nembo, lakini safu ni zangu na mpangilio ni wangu. Chini yake palikuwa peupe, pale nilipofuta. Nilimkasirikia kijana yule, nikamkasirikia mkurugenzi, nikawakasirikia wote waliolinakili miaka yote hii bila mmoja wao kuinua simu. Halafu hasira ikazunguka ukumbi mzima ikarudi kwangu, na mimi nilikuwa nimekaa palepale, sina pa kuikimbilia.

Nikasimama. "Hilo jedwali ni langu."

Afisa akatabasamu kwa adabu. "Mama, hii ripoti iko na jina la ofisi. Jina lako haliko hapa."

"Najua haliko. Nimesimama niliweke. Na nimesimama niseme ni la uongo."

Nikawaeleza watu wa Tena habari za Burma. Sikutumia neno hata moja la kitaalamu. Niliwauliza nani amewahi kula nyama ya bei rahisi akaja kulipishwa makaa, na mikono ikainuka huku na kule, watu wanacheka, kila mmoja na bucha yake ya kulaani. Nikasema basi, jedwali lile ukutani ni hivyo hivyo. Majirani bei yao ni ya nyama tupu. Yetu ina makaa ndani, na makaa ni wauguzi. Mwanamume mmoja wa nyuma, fundi wa mbao, akapaza sauti: "Kwa hivyo wale nesi wao wanalipwa na mtu mwingine, na sisi tunaambiwa tuko ghali?" Nikamwambia umeelewa kuliko mkurugenzi wangu. Ukumbi ukachafuka.

"Asante sana, mama," afisa akasema. "Maoni yako tumeyapokea. Tutazingatia."

Tutazingatia! Nimelisikia neno hilo katika kila mkutano wa maisha yangu, na kila lilipotamkwa kuna kitu kilizikwa. Nilikuwa natafuta la kusema nikamwona Nafula anainuka, pole pole, ameshika kiti cha mbele.

"Na mimi nitazalia wapi mkiendelea kuzingatia?" akauliza.

Nilimwendea karani aliyekuwa anaandika kumbukumbu za kikao, nikamsimamia kichwani mpaka akaandika jina langu na sentensi yangu ya tanbihi, neno kwa neno. Nilikuwa nimebeba, kama nifanyavyo kila niendapo kikao cha bajeti, daftari langu la zamani lenye majibu ya zile simu, kila muuguzi na ofisi inayomlipa. Nikamwonyesha. Akaandika yote. Uamuzi ukaahirishwa hadi kikao kingine, na tukarudi nyumbani tukijiona tumeshinda.

Wiki tatu baadaye Nafula alishikwa na uchungu asubuhi akipiga pasi. Tulienda kwa miguu, yeye akisimama kila hatua chache akishika kuta za nyumba za watu. Saa tano mtoto alikuwa amezaliwa, msichana. Mkunga alinivuta kando akaniambia kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni mara mbili, na kama wangekuwa barabarani hadithi ingekuwa nyingine. Nilikaa kwenye benchi la nje. Mimi niliyelinganisha zahanati za nchi tatu nilikuwa sijawahi kukaa kwenye benchi lile nikiwa na kalamu.

Sasa sikilizeni kilichotokea juzi. Nilisikia karatasi za kikao kijacho zimeletwa kwenye ofisi ya wadi, ziko rundo mezani, kila mwananchi achukue. Nikaenda, Nafula nyuma yangu na mtoto mgongoni. Nikafungua. Jedwali lilikuwemo, lilelile, Nyinginezo juu, pendekezo la kufunga bado lipo. Nikaangalia chini yake na moyo ukaruka, maana safari hii hapakuwa peupe. Palikuwa na maandishi. Chanzo: Bi. Mwikali, mtafiti mstaafu.

Tanbihi haikuwemo. Jina, ndiyo. Jina nililolililia chooni, jina nililomwandikia Okumu kurasa tatu, wamenipa hatimaye, wakalibandika juu ya uongo ili uonekane una mwenyewe. Nilicheka mpaka mtoto akaamka, halafu nikalia mbele za watu bila haya.

Kisha nikavuta kiti. Nikatoa kalamu kwenye mkoba, nikachukua nakala ya kwanza, na chini ya jina langu nikaandika kwa mkono: Mishahara ya wauguzi wa miji hii miwili hulipwa na serikali kuu, haimo humu. Nikachukua ya pili. Nafula alinifungulia kurasa, mimi naandika. Tulifanya hivyo mpaka vidole vikafa ganzi na rundo halikufika nusu. Kikao ni Alhamisi ijayo, vijana. Kalamu ninazo, viti vipo, na ninyi mna mwandiko mzuri kuliko wangu. Lakini kabla hamjaandika mtapiga simu huko kwa majirani wenyewe mkaulize, maana miaka imepita na huenda mambo yamebadilika. Msiniamini mimi. Mimi ndiye niliyefuta mara ya kwanza.

Yule karani wa kikao alitoka chumba cha ndani akatukuta. Akasimama, akatazama karatasi, akanitazama mimi.

"Shosho, unaharibu karatasi za serikali."

"Siziharibu," nikamwambia. "Nazimalizia. Nimechelewa tu."